Bolti za Kanisa la Chilambo

Chilambo, karibu na Gulwe,
Wilaya ya Mpwapwa.
Ijumaa, mwezi wa Novemba.

Baba yangu mpenzi, Mzee Seleman,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, baba. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani baada ya alasiri, kahawa iko karibu, na lile goti la kushoto limekuonea huruma wiki hii. Mama naye hajambo? Kifua chake kimepoa tangu upepo wa Agosti upite? Mpe shikamoo yangu, na umwambie karanga alizonifungia ziliisha kabla basi halijafika Chemba, kwa hiyo asiniulize kama niligawia wenzangu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila jua limenichoma hadi ukiniona utadhani nimetoka kuchunga ng'ombe.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Baba, tangu msiba wa kaka Harithi, kila nikigusa habari za kazi kwenye simu wewe huniambia, "Haya mwanangu, ongea na mama yako," na hapo hapo nasikia simu imehama mkono. Sikulaumu. Lakini haya niliyoyaona huku hayawezi kupitia kwa mama. Nimeona afadhali niandike, maana karatasi hata ukiikunja katikati itakungoja mpaka utakapokuwa tayari kuendelea.

Nipo Chilambo, kijiji cha Wagogo kilicho bondeni, mahali ambapo reli na mto vimegombania njia tangu zama za Mjerumani. Mvua za mwanzo wa mwaka huu mto ulishinda. Maji yaliingia vijijini kama mwenye nyumba aliyerudi safarini. Nyumba za tembe ziliyeyuka, mazizi yakasombwa, na watu wakakaa wiki nzima juu ya kilima wakitazama miti ya mapaa yao ikielea. Baada ya hapo serikali ikasema basi, bondeni hakuna kurudi, kijiji kihamie kilimani. Wakahama. Huku chini likabaki jengo moja tu limesimama, nalo ni kanisa lao la zamani, la chuma tupu kuanzia nguzo hadi mnara wa kengele.

Waumini walikubaliana wajenge kanisa jipya la tofali huko juu, na hili la zamani libomolewe, vyuma vyake viende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Aliyepewa kazi ya kubomoa ni bosi wangu Ambokile, yule Mnyakyusa uliyemwona msibani, aliyekaa kwenye mkeka nasi hadi tukaanua tanga. Akanichukua mimi na mafundi wengine, tukapakia mitungi ya gesi ya kukatia vyuma kwenye lori, tukaja.

Baba, nilitegemea kukuta banda. Nilidhani ni mabati ya kutu yaliyogongelewa na mtu asiye na haraka ya kumaliza wala kuanza. Lori lilipokata kona ya mwisho nikaona kitu kimesimama peke yake katikati ya tope lililokauka, kirefu, chembamba, madirisha yake yamechongoka juu kama viganja viwili vilivyokutana. Kuta ni bati la mawimbi, lakini si bati la siku hizi unaloweza kulikunja kwa goti. Ni nene, zito, na mahali palipobaki rangi ni kijivu cha njiwa. Maji yalikuwa yamepanda hadi usawa wa kifua changu, alama ya tope ilionekana pande zote. Nyumba za jirani zote zilikuwa zimerudi kuwa udongo. Lenyewe halikuinama hata kidogo. Nilishuka kwenye lori nikasahau kuchukua kofia yangu.

Mchungaji wao anaitwa Luka, mtu wa makamo, mpole, mwenye kupenda kusimulia. Alinitembeza ndani. Kumbe kwa ndani kuta zimefunikwa mbao nyembamba ili joto lisiwaue watu, na bado, anasema, ibada za mwezi wa kumi ni kitubio tosha. Mvua ikinyesha mchungaji yeyote hunyamaza, kwa sababu hakuna sauti ya binadamu inayoweza kushindana na mvua juu ya bati lile. Waumini hukaa tu wametulia mpaka ipite, kisha mahubiri huendelea pale yalipokatika. Aliniambia bibi yake alikuwa akisema hayo ndiyo yaliyokuwa mahubiri bora kuliko yote.

Nikamuuliza nani alilijenga. Akacheka, akasema hakuna aliyelijenga hapa. Lilikuja limekwisha kujengwa. Hapo ndipo aliponisimulia habari ambayo mpaka leo inanizunguka kichwani. Zamani za mababu wa mababu, Ulaya walipojua kupitisha bati kati ya rola za chuma likatoka na mawimbi, waligundua kwamba karatasi ya chuma iliyokunjwa hivyo inabeba uzito ambao bati bapa lingeanguka nalo. Wakaanza kutengeneza majengo mazima kiwandani, vipande vipande: nyumba za kulala, hospitali, stesheni, makanisa. Mtu alichagua kanisa kwa kutazama picha, kama mama anavyochagua doti ya khanga dukani. Wakalitoboa matundu yote, wakalisimamisha uwanjani kwao kulijaribu, wakalifungua tena, wakalifunga kwenye makasha, likapanda meli. Yalikwenda visiwani, yalikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, yalikwenda kwenye nchi za baridi na nchi za jangwa. Mengi yameoza au yameuzwa. La Chilambo lilitelemshwa pwani kabla hata reli haijaanza kutandikwa, likaletwa bara vichwani mwa watu.

Vichwani, baba. Mabati marefu yale. Mchungaji Luka anasema wazee walihadithia kwamba adui yao hakuwa simba wala kiu. Alikuwa upepo. Ukifika Ugogo upepo ulilishika bati na kumzungusha mtu mzima kama pia, hata wakajifunza kutembea wakati wa asubuhi tu, wakiwa wawili wawili, na bati limefungwa kwa kamba za ukindu. Na usiku walipolala, mabati yakipoa yalikuwa yakilia ta, ta, ta, na wapagazi wageni walidhani kuna mtu ndani yake anataka kutoka.

Wakati Mchungaji ananieleza haya, wenzangu walikuwa wanashusha mitungi ya gesi. Mimi nilichukua kitambaa chenye dizeli nikafuta mguu wa ubavu mmoja wa kenchi, zile mbavu za chuma zinazobeba paa, si kwa sababu yoyote ya maana, mikono tu ilitaka kazi. Chini ya kutu ikatokea alama iliyopigwa kwa patasi: mstari mmoja na nukta mbili. Nikafuta ubavu wa jirani yake pale wanapokutana. Mstari mmoja na nukta mbili. Nikaenda kwenye kiungo kingine, nikakuta mistari miwili na nukta, na mwenzake hivyo hivyo. Nilizunguka kanisa zima nikifuta kama mwendawazimu. Kila kipande kilikuwa kinamjua jirani yake. Na hapakuwa na mahali palipochomelewa. Kila kitu kilikuwa kimekazwa kwa bolti na nati.

Nikamfuata bosi nikamwambia jengo hili halihitaji kukatwa, linafunguka. Ambokile alinitazama, akatazama mitungi yake. Akasema, "Shamila, mimi nimeitwa kubomoa, sijaitwa kuhamisha." Nilimshika mkono kama mtoto nikamwonyesha alama. Alipiga magoti, akapapasa zile nukta kwa kidole gumba. Halafu akasema yeye hana la kuamua, wenye kusema ni wenye kanisa, waitwe.

Wakaitwa, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta. Wengine walisema kanisa la tofali ndilo la heshima, hili la bati linawachekesha wageni. Wengine walisema mgongo umechoka, wamehama na watoto na mbuzi na mahindi, sasa wahame na kanisa? Ndipo akasimama Mama Anna, kiongozi wa akina mama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alianza kwa Kigogo, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na sisi wageni tusikie. Alisema, "Lilikuja hapa likiwa vichwani mwa watu. Sisi shingo zetu zimepata ugonjwa gani?" Watu wakacheka, na walipomaliza kucheka wakakubali lihamishwe. Yakawa yamekwisha.

Tulianza kufungua. Kila nati tuliinywesha dizeli, tukaiacha ilale nayo, asubuhi tukaipasha moto kidogo na kuijaribu. Nyingine zilikubali kwa mlio kama wa mlango wa ghala, nyingine zilikataa mpaka tukazibembeleza kwa nyundo. Nilikukumbuka sana, baba. Ulikuwa ukituambia mimi na Harithi kwamba chuma hakishindwi kwa hasira. Mafundi wenzangu walijifunza hilo wiki ya kwanza, kwa vidole vyao.

Mabati yalipoanza kushuka, watu wa kilimani wakashuka nao. Sikuwahi kuona jambo kama hilo na sidhani nitaliona tena. Wanawake walikuja na kata za nguo vichwani, wanaume na mafungu ya kamba, wazee na punda. Mikokoteni ya ng'ombe ilibeba nguzo. Mbavu za kenchi zilibebwa mabegani na wanaume waliopangana kwa urefu ili mzigo usimlalie mmoja. Mama Anna na wenzake walitangulia na ngoma za muheme, wamezibana magotini kila waliposimama kupumzika, wakipiga mpaka wabebaji wapate pumzi. Na upepo ulikuja, baba, ule ule wa hadithi. Uliyashika mabati, watu wakayumba, wakaanza kutembea wawili wawili bila kuambiwa na mtu. Kutoka bondeni ukitazama juu, njia nzima ya kilima ilikuwa inang'aa na kujongea. Nilisimama katikati ya lile jengo lililobaki mbavu, nikaona mbingu kupitia kila upande, nikajikuta nasema Allahu Akbar kwa sauti. Mchungaji Luka alikuwa kando yangu. Akasema, "Amina."

Siku ya kubeba kengele alikuja Mzee Mbwana. Huyu ni Mwislamu mwenzetu, ana duka karibu na stesheni, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Alikuja na vijana wa msikitini wenye mabega. Mtu mmoja akamtania kwamba sheikh leo amepotea njia. Akamjibu kwamba babu wa babu yake ndiye aliyekuwa mnyapara wa ule msafara kutoka pwani. "Yeye ndiye aliyelileta," akasema. "Mimi nalisogeza tu." Wakaichukua kengele kwa mtalimbo mrefu wa chuma, wakapanda nayo, na kila walipojikwaa ilitoa mlio mdogo.

Juu kilimani tulikuwa tumemwaga msingi wa zege na kupima kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kupima kitu. Nilikosa usingizi kwa hofu. Chuma kimekaa bondeni miaka zaidi ya mia, kimepigwa jua, kimelowa, kimetikiswa na treni. Nani alijua kama kingekubali kurudiana? Tukasimamisha nguzo mbili za kwanza, tukainua ubavu, nikaangalia kwenye tundu. Nikaona mwanga upande wa pili. Tundu limekutana na tundu. Bolti ikaingia kwa mkono, bila nyundo. Tukaenda la pili, la tatu, ukuta mzima. Yule aliyetoboa matundu yale hakuwahi kuiona Ugogo. Hakujua vumbi letu, hakujua mto wetu, hakujua kwamba siku moja binti wa mhunzi wa Kondoa ataweka jicho pale alipoweka yeye. Lakini alifanya kazi yake kwa ukweli, na ukweli wake umevuka bahari na karne ukanifikia mimi. Nililia, baba. Nilijifanya vumbi limeniingia.

Sasa nimefika mahali pagumu. Katika masimulizi haya kuna siku moja nimeiruka, na umeona mwenyewe kwamba nimekueleza mabati yalivyoshuka lakini sikukueleza nani aliyeyafungua huko juu.

Unakumbuka tulichokubaliana baada ya arobaini ya Harithi. Ulikuwa umemwaga mchanga kwenye tanuri, umefunga karakana, ukaniita chumbani mbele ya mama. Ukasema hukatazi nifanye kazi ya chuma, maana ndiyo niliyosomea, lakini nisipande juu. Nikasema sitapanda. Na sikupanda. Dodoma nzima, kazi zote, nilibaki chini nikipima na kukata na kuwapandishia wenzangu. Wewe hujui, sikuwahi kukuambia, kwamba hata ungeniruhusu nisingeweza. Siku ile ghalani mimi ndiye niliyekuwa chini nikimpandishia Harithi mabati. Nilikuwa nimeinua uso namtazama. Tangu hapo nikitazama paa lolote namwona akianguka.

Huku Chilambo aliyepanda kufungua paa alikuwa Seth, fundi kutoka Chamwino, baba wa mapacha, mtu hodari. Tulianza na kofia ya paa, zile bati zinazokaa juu kabisa mgongoni. Alikuwa amefungua upande mmoja wa kofia ndefu, mkanda wake wa usalama ameufungua kidogo ahamie mahali pengine, ndipo kikaja kisulisuli. Unavijua vinavyokuja hapa mchana wa jua kali, vumbi linasimama kama mti na kutembea. Kililiinua bati upande uliofunguliwa, bati likapiga ngazi ikaanguka, likageuka likamlalia Seth mguu. Akabaki ameukumbatia mgongo wa paa, bati linapiga-piga juu yake, mkanda unaning'inia. Ambokile alikuwa ameenda Gulwe. Mafundi wengine kila mmoja alikuwa anapiga kelele lake. Mchungaji alikuwa anaomba.

Sijui nilisimamishaje ngazi. Najua tu kwamba nilikuwa nimeinua uso, namtazama mtu juu ya paa, na moyo wangu ukaniambia mara hii hutasimama chini. Nilipanda. Nilijifunga kamba kiunoni, nikaizungusha kwenye kenchi, nikatambaa. Nilipomkaribia Seth akaniambia bila kunitazama, "Dada, usiniguse, nikisogea naanguka." Nikamwambia, "Basi usisogee. Mimi ndiye nitakayesogea." Nikalikalia lile bati kwa uzito wangu wote mpaka upepo ukapita, nikapitisha kamba kifuani kwake, nikaufunga mkanda wake. Tulikaa hapo tumeegemeana. Ndipo nikainua macho. Niliona reli yote mpaka inapopotea, mto mwembamba usio na hatia, watu wa kilimani wadogo kama punje za uwele, na mawingu ya kwanza ya msimu upande wa Kilosa. Baba, nilikuwa nimesahau dunia ilivyo kubwa. Tuliposhuka nilikwenda nyuma ya kanisa nikatapika. Mama Anna aliniosha uso kwa khanga yake, akanipa uji.

Hilo ungenisamehe, najua, maana ni roho ya mtu. Ninachokiri ni kingine. Kesho yake nilipanda tena. Na keshokutwa. Paa lote nimelifungua mimi na Seth, na mabati ya huko kilimani nimeyarudisha mimi, mkanda wangu umefungwa kila mara, naapa kwa Mungu. Siku ya kwanza nilipanda kwa ajili ya Seth. Siku zilizofuata nilipanda kwa ajili yangu, kwa sababu huko juu ndiko nilikoweza kumkumbuka Harithi akiwa hai. Huku chini nilikuwa namkumbuka anaanguka tu. Huko juu nilimkumbuka anavyopiga mluzi, anavyonikejeli nimeshika spana kama mwiko. Nimevunja neno langu kwako, na ningeandika kurasa kumi nzuri za kanisa bila kulisema hili, lakini nisingekuwa binti yako.

Kuna jambo la mwisho. Siku ile nimekalia bati na Seth, kiganja changu kilikuwa juu ya bolti ya mgongoni. Nikahisi haifanani na nyingine. Kichwa chake hakikutoka kiwandani, kilipigwa kwa nyundo, uso kwa uso, pande nne, na shingo yake ni ya mraba. Mgongo wote wa paa umefungwa kwa hizo. Nilimpelekea moja Mzee Mbwana. Akaigeuza-geuza, akasema ndiyo maana babu zake walihadithia kwamba kasha moja la bolti lilizama mtoni wakati wa kuvuka, na wazungu wa misheni wakakaa chini na kanisa lisilo na paa, wasijue la kufanya, mpaka wakapita wahunzi wa kutoka Irangi, huko kwetu Kondoa, waliokuwa wanakuja kuuza majembe. Wakayapasha moto majembe yao wakayapiga yakawa bolti. Sisemi ni wazee wetu, baba. Sina ushahidi, na Irangi ilikuwa na wahunzi wengi. Nasema ni kazi ile ile uliyotufundisha. Nilipovunja iliyoliwa na kutu, ndani ilikuwa na nyuzi kama mua.

Nyingi zimevunjika tulipozifungua. Matundu yake ni ya mraba na hakuna duka Dodoma lenye bolti ya kuingia humo. Ambokile alitaka tuchomelee tuyamalize. Nikamwambia tukichomelea halitafunguka tena, na watu hawa wameshaona kwa macho yao faida ya kanisa linalofunguka. Amekubali kungoja. Mbavu zimesimama, kuta zimefungwa, mabati ya paa yamerudi juu, na yale ya kofia yamelazwa chini na kukandamizwa kwa mawe. Mgongo uko wazi, na mawingu yanakuja.

Kondakta wa basi atakayekupa barua hii atakupa na kifurushi kizito. Ni bolti moja nzima ya wale wahunzi, iwe kipimo chako. Naomba uwashe moto, baba, utupigie nyingine kama hiyo badala ya zilizovunjika. Na naomba la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: uniruhusu nizifunge mimi. Sitapanda tena kwa kukuficha. Ukisema hapana nitabaki chini, Seth atazifunga, na sitanuna. Ukisema ndiyo, niombee dua.

Neno lilimponyoka mama kwenye simu juzi. Alisema asubuhi hizi unafungua mlango wa karakana nusu, unakaa ndani na redio, hufanyi kitu. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kuandika.

Wasalimie majirani wote wa mtaani kwetu, na ustadhi, na shangazi akija. Mchungaji Luka na Mama Anna wanakusalimu bila kukujua. Mzee Mbwana anasema ukipita Gulwe usipite dukani kwake kama mgeni. Usihangaike kunijibu kwa simu wala kwa karatasi. Nitampigia mama siku ya Jumatano kama kawaida, na akianza kulalamika kwamba nguo alizoanika zimeingia moshi wa mkaa, nitajua umenijibu ndiyo kwa yote mawili.

Mungu akuhifadhi.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Shamila binti Seleman.